Mtani wa Kila Nyumba

Hakuwahi kupiga hodi. Hilo ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa juu yake na wale wanaomkumbuka, ukiwakuta bado wapo, huko Narung'ombe, Marambo au Nanganga. Umeinama uani unapeta mtama, mara unasikia sauti imeshafika ndani ya nyumba: "Bado mko hai humu? Mimi nimekuja kula ubwabwa wa msiba." Na mzee aliyelala tangu asubuhi akihesabu nyasi za paa huinua kichwa, akamtukana. Tusi hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Akishalipata anajua mgonjwa ana nguvu za kuamka, na hapo kazi inaanza.

Tulimwita Mtani, basi. Jina alilopewa na mama yake silijui mpaka leo. Ukoo wake siuandiki, kwa sababu nitakazozieleza mbele, sababu zilizonikosesha raha miaka mingi. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekwisha kasirika, nikatafuta baadaye cha kukasirikia. Msomaji anivumilie basi nikirukaruka, maana huyu ninayemsimulia hakuwa mtu wa kutulia mahali, na sijui namna ya kumsimulia nikiwa nimekaa kitako.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze kidogo. Mtani si rafiki na si ndugu. Ni mtu wa kabila ambalo babu zake na babu zako walipigana mpaka wakachoka, wakapatana, na tangu hapo badala ya mikuki wanarushiana maneno. Kwetu Wamwera, Wangoni ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakamata kuku wako uani akaondoka naye, akaingia hadi ulipolala, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayeshika kazi nzito za msiba huku akiwachekesha waliao. Ndugu anakuheshimu. Mkwe anakuheshimu kupita kiasi. Mtani hana heshima hata chembe, na kwa hiyo ndiye anayeweza kukugusa.

Haya nisingeyafikiria kama mama asingeteleza.

Ilikuwa mwanzoni, mashine za mradi wa karanga zilipoanza kunguruma Nachingwea. Vijana wa kwetu Narung'ombe walikwenda kung'oa visiki, kaka zangu wawili wakiwa mbele. Kijijini tulibaki wanawake na watoto na wazee, na wanaume waliobaki wengi wao walikuwa wakwe, kwa kuwa kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mke. Mume wangu alikuwa mmoja wao, Mmakua kutoka Marambo, mtu mpole mwenye mabega mapana. Alikuwa anaweza kubeba gunia la ufuta kutoka shambani bila kulitua njiani. Lakini mama yangu alikuwa mkwewe. Tangu siku ya ndoa hawakuwahi kutazamana usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mume wangu aliingia kichakani akangoja mama apite, hata kama kulikuwa na siafu.

Mama aliteleza kisimani, akaumia nyonga. Mimi mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Mama alikuwa mwanamke mkubwa, wa kimo na wa mwili, na nilipojaribu kumgeuza peke yangu nilianguka juu yake tukalia sote wawili. Majirani walisaidia siku mbili, wakarudi mashambani kwao, maana ulikuwa wakati wa palizi. Mume wangu alisimama uani akiwa ameipa nyumba mgongo, mikono yake ile mikubwa imening'inia haina kazi. Siku ya tano mgongo wa mama ulianza kutoa harufu.

Nilimwambia, "Mama, aingie akuinue. Mungu atasamehe."

Akasema, "Nkwe wangu akinishika, nakufa leo. Niache nife kesho."

Ndipo akaingia yule mtu. Mwembamba, amevaa koti la kaki lililokatwa mikono, miguuni kandambili za mpira wa gari. Hakunisalimia. Alimwangalia mama pale chini, akasema, "Wamwera siku hizi mnafuga viboko?"

Nilishika mwiko. Nilidhamiria kabisa kumpiga nao.

"Mimi Mngoni," akaendelea. "Babu yangu alimteka bibi yako, akamrudisha baada ya wiki. Alikuwa anamaliza chakula."

Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua kichwa, akakiinua, akasema polepole, "Babu yako alikuwa mwizi wa mihogo. Na wewe una miguu ya kuku. Huyu ntu ananyanyua nini na miguu hiyo?"

"Tutaona."

Akakunja mkeka mara mbili, akaupitisha chini ya mgongo wa mama, akaniambia nishike pembe moja bila kuvuta. Alipiga goti, akaweka bega, na mama akainuka. Sikuelewa aliwezaje. Alimtoa hadi juani, akamwegemeza kwenye kinu, akaagiza maji ya moto na chumvi. Kisha akaenda nyumba ya tatu, alikokaa mwanamke wa Kingoni aliyeolewa kwetu, ambaye sisi tulikuwa tukisalimiana naye tu na kupita. Akamleta kwa kumvuta mkono: "Huyu ndiye mtani wako, na wewe umekaa unasuka ukili huku mtani anaoza?" Yule mwanamke ndiye aliyemwosha mama, siku hiyo na kila baada ya siku moja, kwa miaka iliyofuata. Mume wangu aliposikia mama anatukana kwa sauti yake ya zamani, alikaa chini palepale uani.

Sasa mnajua kwa nini simsahau.

Utaratibu wake wote ulikuwa huo, na sijaona mwingine uliofanya kazi vizuri hivyo kwa vitu vichache hivyo. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kuna mzee nani, mzee huyo kabila gani, na mtani wake aliye karibu ni nani. Akishajua, aliwafungamanisha. Wewe Mngoni, maji ya bibi Somoe ni yako Jumatatu na Alhamisi. Wewe Myao, yule mzee wa Kimakua pale bondeni ni wako, ukikuta hajatoka nje mpaka jua linachoma, ingia umtoe hata kwa kumburuta. Ndugu walikuwa na visingizio: shamba, safari, aibu, mkwe. Mtani hakuwa na kisingizio, kwa sababu akikosa kwenda, mzee mwenyewe alipata haki ya kumwaibisha mbele ya watu, na wazee wetu walikuwa hawaachi haki ya namna hiyo ipite bure. Nyumba ambayo haikuwa na mtani karibu, aliibeba yeye mwenyewe.

Alikuwa na misemo yake. "Nguu usiotembea unaomba kaburi." Alisema hivyo hivyo, "nguu" badala ya mguu, kama wazee wa kwetu wanavyotamka, nami wakati ule sikulitilia maanani. Hakumwuliza mzee "unaumwa wapi?" Aliuliza, "Leo umefanya nini?" Na jibu la "sikufanya kitu" halikupokelewa. Bibi Somoe, aliyekuwa haoni vizuri, aliwahi kumjibu kwamba leo amemkasirikia yeye tangu asubuhi. Mtani akasema hiyo ni kazi, na kesho aifanye akiwa amesimama.

Jumatano moja kila mwezi, akiwa upande wetu, aliwakusanya katika banda la ufuta, ambalo nje ya msimu lilikuwa tupu. Anayeweza kutembea alitembea, asiyeweza alibebwa na mtani wake kwenye kitanda cha kamba, huku njia nzima akiambiwa alivyo mzito. Kila mmoja alikuja na kazi. Waliosuka mikeka walisuka, waliosokota kamba walisokota, wenye mikono inayotetemeka walibangua karanga, na walioshindwa hata hilo walipewa kazi ya kusema nani anakosea. Tulipika uji wa mtama tukautia ufuta uliotwangwa, au ming'oko, mizizi ya porini, tuliyoichemsha mpaka ikalainika kwa wasio na meno. Mara nyingine alikuja dresa wa zahanati ya misheni na sanduku lake, akatazama macho na vidonda vya miguu. Dresa alikuwa Mkristo mpole, aliogopa kuwatukana wazee, kwa hiyo alikuwa akimnong'oneza Mtani, na Mtani ndiye anayetangaza: "Bibi huyu anasema dawa anaitia, lakini jicho linasema anaitia kuku."

Ukimtazama siku kama hizo ungedhani ana furaha. Mimi nilimtazama sana, na sidhani. Hakukaa. Katika miaka yote ile sikumwona amekaa chini akala. Alikula amesimama mlangoni, bakuli mkononi, macho barabarani, na tonge la mwisho alilimalizia akiwa anaondoka. Kutoka Narung'ombe hadi Marambo si mwendo wa kuchezea, na yeye aliukata kwa miguu, akapitia Nanganga, akarudi, mwezi kwa mwezi, masika na kiangazi. Nikimwambia pumzika, alisema amepumzika alipokuwa amesimama. Alinichosha. Kuna siku nilitamani asije, nikae na mama yangu kimya kimya bila mtu kutuambia leo mmefanya nini.

Kuku aliwachukua, kama mtani anavyoruhusiwa. Nilimfuata siku moja kwa hasira, maana alichukua mtetea wangu anayetaga, nikamkuta anamchinja kwa mzee Chilumba aliyekuwa hajala nyama tangu Idi. Supu ikanyweka. Nilisimama pale na hasira yangu sina pa kuiweka. Akaniambia, "Na wewe kunywa, ni kuku wako."

Lakini alikuwa na jambo moja baya, na utani haulivumilii: anayetukana lazima avumilie kutukanwa. Yeye alivumilia mengi. Umwambie ana miguu ya kuku, babu yake mwizi, mama yake alimpikia mawe, alicheka. Siku moja bandani mzee Chilumba, kwa mzaha tu, akamwambia, "Wewe unaingia nyumba za watu kwa sababu huna kwenu." Mtani aliweka chini kamba aliyokuwa akimsaidia mtu kusokota, akatoka. Wiki tano hakuonekana Narung'ombe. Maji yalichelewa, mama akakaa ndani siku tatu, na mzee Chilumba alitukanwa na kijiji kizima, watani na wasio watani. Aliporudi hakueleza kitu. Aliingia kwa Chilumba bila hodi, akamwambia ananuka, akamtoa juani.

Sikuelewa mpaka nilipokwenda Marambo.

Nilikwenda na mume wangu kuwasalimu kwao. Mama nilimwacha mikononi mwa yule mwanamke wa Kingoni, moyo wangu haukutulia hata siku moja. Siku ya pili nimekaa kwa shangazi yake mume wangu, bibi wa Kimakua aliyepooza upande, nasikia sauti imo ndani: "Wamakua, bado mko hai humu?"

Shangazi akafurahi, upande mmoja wa uso ukacheka. "Myao wetu amekuja," akaniambia. "Huyu ndiye mtani wetu. Asingekuwa Myao huyu, mimi ningekuwa chini."

Mtani aliniona. Kisha akamgeukia shangazi, akamtukana kuhusu uvivu wa Wamakua, akamwinua kwa mkeka uliokunjwa mara mbili, kama alivyomwinua mama. Mimi nilibaki nimeshika kikombe. Kwetu Mngoni. Hapa Myao. Mtu hawezi kuwa vyote viwili. Na kama si Mngoni, basi yale yote aliyomwambia mama yangu hayakuwa utani. Yalikuwa matusi. Kuku wale walikuwa wizi. Na mwanamume asiye na haki yoyote alikuwa amemshika mama yangu akiwa katika hali ambayo mkwe wake mwenyewe angekufa kuliko kuiona.

Nilimfuata njiani asubuhi yake. Nikamuuliza, "Wewe kabila gani?"

Hakusimama, ilinibidi nitembee naye. "Unauliza ili iwe nini?"

"Ili nijue ulimfanyia nini mama yangu."

"Nilimwinua."

"Kabila gani?"

Akasema, "Dada, kama unataka ukweli nitakupa sasa hivi. Lakini ukishaupata utamwambia mama yako, maana wewe si mtu wa kukaa na neno. Na mama yako akijua hatakubali tena kuinuliwa, si na mimi wala na yeyote niliyempangia zamu. Watasema mtu huyu ametuvua nguo. Chagua: ukweli, au mama yako akae juani."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia kwa kuniwekea mzigo huo na yeye akaondoka mikono mitupu. Nikarudi Narung'ombe nikakaa kimya, na kukaa kimya kwangu ni ugonjwa. Kila alipoingia bila hodi nilishtuka. Kila mama alipomwita "Mngoni wangu" nilitoka nje kwenda kukoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Mume wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia kichwa. Yeye naye lazima alisikia shangazi akimwita Myao, lakini hakusema neno, wala mimi sikumuuliza. Nyumba yetu iliweka siri hiyo kila mtu kwa upande wake.

Mama aliishi miaka mingine saba. Alitembea kwa gongo, akasuka mikeka, akawaona wajukuu watatu, akamtukana Mtani mpaka wiki ya mwisho. Alikufa mchana, amekaa juani. Mtani alifika siku ya tatu ya matanga na watani wote walikuwa wakimngoja, maana yeye ndiye aliyejua kuchekesha msiba. Alijipaka majivu, akajifunga kanga ya mama, akachukua gongo lake, akaanza kutembea kama yeye: ule mwendo wa nyonga moja, kidevu juu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia. Kisha akasimama katikati ya uwanja. Uso ukamkunjika, na akalia. Hakulia kwa mchezo, kama watani wanavyojifanya. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, kama alivyolia kaka yangu mkubwa aliposhuka kwenye lori kuja msibani. Mtani halii msibani, hiyo ni kazi ya wenye msiba. Mzee mmoja akasema, "Amezidiwa na uchovu," wakamwondoa pale. Nilikubaliana na mzee huyo kwa sababu nilitaka kukubaliana naye.

Baada ya hapo tulimwona mara chache. Alikuwa amezeeka naye, miguu ya kuku imevimba. Watu walimwambia apumzike mahali, wampe mtani wa kumwangalia. Alisema yeye hana uzee, ana safari. Mganga hajigangi. Utaratibu wake uliendelea bila yeye, watu walishazoea, watoto wa yule mwanamke wa Kingoni walijua siku zao za maji. Lakini yeye mwenyewe hakuwa kwenye zamu ya mtu yeyote.

Mara ya mwisho ilikuwa Nanganga, miaka ambayo hata wazee wa bandani walikuwa wameanza kuulizana uhuru utakuja na nini. Kaka yangu alikuwa amehamia huko, nikaenda kumwona. Asubuhi ya pili nikasikia watu wanabishana nyumba ya jirani. Kulikuwa na kibanda nyuma ya nyumba ya Wamakua, na nje yake wamekaa watu kama saba, wazee wengi, bakuli la uji limepoa na ndoo ya maji imejaa. Nikauliza kuna nini.

Mama mwenye nyumba akasema, "Myao wetu anaumwa. Leo siku ya tatu. Hainuki, hajaoshwa."

"Sasa mbona mmekaa nje? Si mtani wenu?"

Akamnyooshea kidole mzee mmoja. "Huyu njomba ametoka Narung'ombe, anasema si Myao, ni Mngoni. Sasa kama si Myao mimi naingiaje kwake? Tumetuma mtu Marambo kuuliza."

"Marambo watasema nini?"

"Watasema ni ntu gani."

Nilijua Marambo watasema Myao. Mwingine atatoka kwingine na kabila la tatu. Niliwaona wote saba pale, na nikajua kila mmoja ana mzazi aliyewahi kuinuliwa na yule mtu ndani, au ameinuliwa yeye mwenyewe. Nikikubali kwamba hajulikani, nimewavua nguo wote, na mama yangu kaburini pamoja nao. Harufu ilikuwa imefika mlangoni. Niliijua harufu hiyo.

Nilisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mimi Mmwera. Huyu Mngoni, namfahamu tangu mashine za karanga. Kama alijiita Myao kwenu alikuwa anawatania, ndiyo kazi yake. Ni mtani wangu, nipisheni."

Wakanipisha. Yule mama alishusha pumzi kwa nguvu, akanipa ndoo na mkeka.

Sikupiga hodi. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, koti lile la kaki limekuwa gumu kwa jasho. Niliweka ndoo chini. Kisha nikasema, "Wangoni mnaoza mapema."

Nikaenda karibu, nikasema, "Babu yako alimteka bibi yangu, na wewe umeshindwa kuteka hata uji."

"Toka," akasema.

"Sitoki."

"Toka, dada. Nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu. Nikakunja mkeka, nikaupitisha chini yake. Alikuwa mwepesi, mifupa tu, nikamgeuza peke yangu. Mgongo wake ulikuwa kama nilivyojua utakuwa. Nikalowesha kitambaa, nikaanza kuosha kidogo kidogo kuanzia mabegani. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, na machozi yanapita hivyohivyo.

"Huwezi kuniosha wewe," akasema.

"Nakuosha."

"Sikiliza basi. Mama yangu alianguka, kama wako. Mimi nilikuwa mbali, nakata mkonge. Palikuwa na wakwe wanne uani, wanaume wazima, wamesimama. Wakatuma watu waniite. Nilifika siku ya tisa." Akavuta pumzi. "Wakwe bado wamesimama palepale. Wana heshima sana watu wa kwetu."

Niliendelea kuosha.

"Kwetu wapi?" nikauliza, na nikajuta.

Akaanza kusema, kwa sauti ya chini, lakini si kwa Kiswahili. Alisema kwa Kimwera, Kimwera cha ndani kabisa, kile cha mama yangu, ambacho mgeni hata akikaa miaka ishirini hakijui. Akataja ukoo. Ulikuwa ukoo wetu, wa upande wa mama. Basi alikuwa mjomba wangu, wa kumwinamia nikimpa maji, wa kutotajwa jina, na mimi nilikuwa nimemshika mgongo mtupu mchana kweupe. Na mama yangu, ambaye yeye alimwita kiboko miaka yote ile, alikuwa dada yake wa ukoo.

Nje walikuwa wakisikiliza. Nilisikia kandambili ya mtu ikisogea karibu na mlango.

Nilikamua kitambaa. Maji yakaanguka ndooni, nikakichovya tena.

"Kingoni chako sikijui," nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika nje. "Geuka nikuoshe upande huu."

Alinitazama. Kisha akageuka.